Moshi wa bluu kwenye Nova ya 1970

Moshi ulianza dakika ya tisa. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu, boneti wazi, kila kiungo kikavu, nami nikatoka mara moja kufuata tochi. Niliporudi nikamkuta mpwa wangu kasimama nyuma ya gari, kola ya ovaroli kaivuta mpaka puani.

"Mjomba, hii inavuta sigara."

Ulikuwa moshi wa bluu, mzito, wa kutambaa chini. Mwenye gari, mzee wa Kimarekani aliyestaafu zamani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja pale mlangoni mwa gereji. Hakusema neno. Alilikunja gazeti lake, akalipachika kwapani, akanisubiri mimi niseme.

Sikuwa na la kusema. Turbo niliyoifungia injini yake, ile feni inayozungushwa na gesi ya ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, ilikuwa mpya, imetoka kwenye boksi, na kila bomba lililoigusa nililichomelea kwa mikono yangu, jioni na Jumamosi za miezi minne. Gereji yetu iko Columbus, Ohio, lakini ufundi niliupata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikifungua turbo za malori ya Fuso na Scania. Moshi wa bluu wa turbo naujua kama ninavyoijua harufu ya dizeli. Ndiyo maana kisa hiki kimenikaa rohoni: kosa lenyewe ni lile ambalo Gerezani ningemfokea mwanafunzi kwa kulifanya.

Gari ni Chevrolet Nova ya 1970, milango miwili, mojawapo ya yale magari ya umbo la wastani na V8 kubwa ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Nova SS ya mwaka huo ilitoka kiwandani na injini ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 300. Hao ni farasi wa hesabu za enzi zile, injini ikipimwa juu ya stendi bila feni wala ekzosi yake ya garini. Kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya cheche, ilikuwa 10.25 kwa 1, na petroli ya wakati ule, yenye risasi, iliistahimili. Ukiifungia turbo injini ya namna hiyo na kuijaza petroli ya leo ya oktani 93, itagonga, yaani mchanganyiko utalipuka wenyewe bila kungoja cheche, mpaka itoboe pistoni.

Bahati ni kwamba injini ya asili iliondoka kwenye gari hili miaka mingi. Iliyomo ni 350 iliyotolewa kwenye pikapu. Mzee aliona haya kidogo kuniambia. Mimi nilifurahi, maana injini za pikapu za miaka ya 1970 zilishushwa kompresheni. Ila kusikia si kupima. Tulivua silinda hedi, tukaigeuza, nikafunika chemba moja, kile kishimo ambamo mchanganyiko huwakia, kwa kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha ndani, grisi kidogo pembeni isivuje, kisha mpwa wangu akaingiza mafuta mepesi kwa bomba la sindano mpaka kiputo cha mwisho kikatoka. Sentimita za ujazo 76. Jumlisha 9 za gasketi, 5 za nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa, na karibu 6 za vishimo vya valvu vilivyochongwa kwenye uso wa pistoni: 96. Silinda yenyewe humeza 717. Gawanya 813 kwa 96, unapata 8.5. Hapo turbo ya wastani inakaa bila ugomvi.

Mzee alikuwa na hedi nyingine stoo, za aluminiamu, chemba za sentimita 64, zinang'aa kama sinia la harusi. Alitamani tufunge hizo. Zingetupandisha mpaka 9.5. Nilimwomba azirudishe alikozitoa.

General Motors wenyewe walishajichoma kidole hapo. Oldsmobile Jetfire ya 1962, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo ya kiwandani, ilikuwa na V8 ndogo ya inchi 215 ambayo wahandisi waliiacha na kompresheni ile ile ya 10.25. Ili isigonge, walitia tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli, yakinyunyizwa kwenye hewa kila turbo ilipopuliza. Kwenye karatasi ni akili sana. Barabarani, wenye magari walisahau kulijaza tangi, na baada ya 1963 Jetfire haikutengenezwa tena.

Turbo niliichagua kwa hesabu ya hewa. Injini ya lita 5.7 kwenye mizunguko 5,500 humeza karibu kilo 16 za hewa kila dakika ikijivutia yenyewe. Ukiisukumia presha ya PSI 8 (pauni kwa inchi ya mraba) na kuipoza hewa hiyo kwa intakula, zinafika kilo 22 na ushee. Kilo moja ya hewa kwa dakika hubeba takriban farasi 22, kwa hiyo tulikuwa tunazungumzia injini ya farasi 450 hadi 490. Kwa bloku ya kawaida yenye pistoni za kawaida, nisingethubutu kwenda mbele ya hapo. Mzee alitaja PSI 15 mara moja tu.

Sharti lake moja halikuwa na mjadala: boneti isikatwe. Injini ni ya kuokoteza, lakini boneti ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Na sharti hilo ndilo lililozaa moshi.

Upande wa kushoto, boksi la stelingi limekaa na halihami. Upande wa kulia, juu, ipo alternata. Nikaiweka turbo kulia, chini ya alternata, karibu na radieta. Ilijificha vizuri. Ukifungua boneti huioni mpaka uiname, na mzee alipenda hivyo. Mimi pia, nikiri, nilipenda.

Mabomba ya ekzosi yalinila muda kuliko kitu kingine chochote. Nilitumia kona za stenlesi ya 304, zile nene za mabomba ya mvuke viwandani, unene kama milimita 2.8, nikazichomelea kwa gesi ya argon nje na argon ndani, ya kuukinga mshono na hewa. Watu wengi huiruka hiyo ya ndani kwa sababu inakula gesi. Ukiiruka, upande wa ndani wa mshono unachacha na kuwa kama sukari guru iliyoungua, mabonge mabonge, na siku moja bonge linabanduka na kupita kwenye mapanga ya turbini, ule upande wa turbo unaozungushwa na ekzosi, yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika.

Halafu kuna suala la chuma kurefuka. Bomba linalotoa gesi silinda za kushoto kuzipeleka kulia lilipita mbele ya injini, chini, sentimita 62. Stenlesi ikipanda joto la nyuzi 700 juu ya la asubuhi, bomba la urefu huo linaongezeka karibu milimita 8. Hizo milimita 8 zitakwenda popote zitakapopata nafasi, na zisipopewa nafasi zitaichana welding. Nililitia kipande chenye mikunjo kama mvukuto wa mhunzi katikati, na uzito wa turbo nikaubebesha mkono wa chuma uliofungwa kwenye bloku, ili bomba libebe gesi tu. Hapo sikukosea. Mpaka leo hakuna ufa.

Mafuta nayapita haraka. Tulibaki na kabureta, ya aina inayopulizwa, ikiwa ndani ya hewa yenye presha. Boya zake ni za povu gumu, maana za shaba zenye uwazi ndani husinyaa zikibanwa. Presha ya petroli inapanda sambamba na ya turbo: PSI 6 turbo ikiwa haipulizi, 14 turbo ikipuliza 8. Taimingi, yaani wakati wa cheche kabla pistoni haijafika juu, tuliirudisha kutoka digrii 34 hadi 27 chini ya presha, plagi zikabanwa mwanya hadi milimita 0.7, la sivyo cheche huzimwa kama kibatari mlangoni.

Sasa moshi.

Alikuja jirani wa mzee, naye mpenzi wa magari ya zamani, akainusa ekzosi na kutoa hukumu papo hapo: sili za turbo zimekufa, mrudishieni aliyewauzia. Ni hukumu ya kila mtu, Ohio kama Gerezani. Tatizo ni kwamba ndani ya turbo hakuna sili ya mpira ya kuvuja kama tunavyoifikiria. Kuna ringi nyembamba ya chuma kila upande wa shafti, ndugu wa ringi ya pistoni, nayo kazi yake kubwa ni kuzuia gesi isiingie kwenye beringi. Oili inazuiwa zaidi na ukweli kwamba kile chumba cha beringi hakijai. Inaingia kwa presha kupitia tundu dogo, inapita kwenye beringi, inatoka imechapwa na hewa mpaka imefura kama povu la chai ya maziwa iliyomiminwa kutoka juu, na inashuka kwa uzito wake tu. Hakuna kinachoisukuma kurudi. Povu hilo likikosa pa kushukia, chumba kinajaa, na oili inatoka kwenye njia iliyo rahisi, ambayo ni kwenye turbini yenye moto.

Kabla ya kulaumu, nilipima. Plagi zote nane zilikuwa kavu, rangi ya hudhurungi nyepesi, kwa hiyo oili haikuwa ikiungua kwenye silinda. Kompresheni ya silinda zote ililingana. Nilivua bomba la kutoka kwenye turbini, nikaingiza kidole: limelowa. Nikashika shafti, nikaitikisa juu chini, ikacheza kidogo kama inavyopaswa kwa beringi za kuelea kwenye oili. Nikaivuta mbele nyuma, haikutikisika. Turbo ni nzima.

Nikalala chini ya gari na rula. Mlango wa oili chini ya turbo ulikuwa juu ya usawa wa oili ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa sentimita 6 tu. Kutoka hapo mpira wa kurudishia ulikwenda karibu usawa, ukapiga tumbo kidogo kupisha fremu, kisha ukaingia ubavuni mwa sampu kwenye tundu nililolitoboa mimi. Injini ikiwa imezimwa, tundu hilo linazama chini ya oili. Nilikuwa nimelitoboa sampu ikiwa mezani, tupu, na mezani lilionekana liko juu.

Mpwa wangu alichungulia, akanyamaza kidogo. "Lakini mjomba, ile Fuso uliyonisimulia…"

"Nyamaza, niletee ndoo."

Jaribio la ndoo ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halina ubishi. Nilichomoa mpira kwenye sampu, nikauelekeza moja kwa moja chini kwenye ndoo safi, na tundu la sampu nikaliziba kwa kizibo. Injini ikawashwa ikiwa ya moto, ikaachwa dakika moja na nusu, si zaidi, maana kila sekunde sampu inapungua. Tukazima, tukapima oili kwa kijiti, tukajaza, tukarudia. Awamu ya kwanza moshi ulikuwa vile vile, kwa sababu oili iliyokwishatapakaa kwenye ekzosi lazima iungue yote. Awamu ya pili ukawa mwepesi. Ya nne haukuwepo. Mzee aliinuka kwenye kiti chake, akazunguka nyuma, akaweka kiganja mbele ya bomba la ekzosi, akakitazama, akakinusa.

"Turbo haina kosa," nikamwambia. "Kosa ni langu. Niliiweka chini mno."

Aliuliza jambo moja tu: je, boneti itakatwa?

Palikuwa na njia fupi. Zinauzwa pampu ndogo za umeme za kuvuta oili kutoka kwenye turbo iliyokaa chini na kuirudisha kwenye injini, na zipo gari zinazotembea nazo miaka. Sikuitaka. Pampu hiyo ikifa usiku barabarani dereva hajui mpaka aone moshi kwenye kioo, na mimi nitakuwa nimetibu kosa la nafasi kwa kuongeza kifaa. Niliamua kuivua turbo na kuipandisha.

Injini hizi za Chevrolet zina zawadi moja waliyoiacha waliozichora bila kujua. Mbele, upande wa kulia wa bloku, kuna tundu kubwa la pampu ya petroli ya zamani iliyoendeshwa na kamshafti. Sisi tulikwisha hamia pampu ya umeme, kwa hiyo tundu lilikuwa limefunikwa kwa bati tu. Liko juu kabisa ya usawa wa oili, na chochote kinachoingia pale kinadondoka kwenye sampu bila kuzuiwa. Nilitengeneza bati nene la chuma, nikalichomelea bomba fupi la kipenyo cha ndani milimita 19, na hiyo ndiyo ikawa njia mpya ya kurudia. Alternata niliihamishia kushoto kwa breketi ya kuchonga. Turbo ikapanda sentimita 11, mlango wake wa oili ukatazama chini. Kanuni ninayoifuata ni kwamba usiinamie zaidi ya digrii 35 kutoka wima. Huu uliinamia kama 10. Mpira haukuzidi sentimita 20 na haukuwa na tumbo popote.

Kuhusu boneti, tuliviringisha vidonge vya udongo wa kuchezea watoto, tukavibandika sehemu zote za juu za turbo, tukaifunga boneti taratibu mpaka kitasa kikalia, tukaifungua. Kidonge chembamba kuliko vyote kilibaki na unene wa milimita 14, kimepigwa chapa ya mbavu ya boneti. Hicho kilikuwa upande wa kompresa, usio na moto mkali. Upande wa turbini ulibaki na nafasi kubwa zaidi, nao nikauvika blanketi la kuzuia joto ili rangi isibabuke. Bomba la kuvuka halikuguswa, ila lile la kuinulia gesi kwenye turbo nililikata na kulijenga upya, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha likata, nikapata nafasi ya kurekebisha aibu nyingine ambayo sikuwa nimemwambia mzee bado.

Ni hii. Siku ya kwanza tulipolitoa barabarani, kabla ya moshi kutukatisha, geji ya turbo ilipita 8 ikaenda 10, ikafika 13 kwenye mizunguko kama 4,800, nami nikaachia mafuta. Westigeti, ule mlango wa pembeni unaopunguza gesi isiifikie turbini yote, ilikuwa na springi sahihi na ilikuwa inafunguka. Lakini nilikuwa nimeiunganisha kwa pembe mraba, pembeni mwa bomba lililonyooka. Gesi inayokwenda kasi haigeuki kona kwa sababu tu mlango uko wazi. Inaupita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Kwenye bomba jipya niliiweka baada tu ya pale njia mbili za gesi zinapokutana, kwa pembe ya digrii 45 ikifuata mwelekeo wa gesi. Geji ikasimama kwenye 8 na haijawahi kuisogelea 9.

Kwa hiyo turbo ilipanda, na injini ikakaa nusu saa bila moshi. Tulidhani yamekwisha. Tulipokwenda barabarani, nikikanyaga mafuta kwa nguvu kisha nikiachia, mpwa wangu aliona wingu dogo la bluu nyuma, moja, halafu basi.

Kosa hili lilikuwa ndugu wa lile la kwanza: oili inashuka, lakini chini kuna presha inayoizuia. Nilichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaukunja herufi U, nikatia maji yenye rangi, ncha moja kwenye bomba la kijiti cha oili, nikaupitisha dirishani, na mpwa wangu akaushika pamoja na rula. Injini ikinguruma taratibu, maji hayakutofautiana hata sentimita 2. Nikaingia barabara iliyonyooka, nikakanyaga, na kabla hajasoma namba yoyote maji yote yakaruka yakamwagikia mapajani. Kipimo kilipotea, lakini jibu lilipatikana. Valvu ya kupumulia ya kiwandani, inayounganisha sampu na manifoldi, njia ya kuingizia hewa kwenye injini, ilikuwa haifungi vizuri, kwa hiyo turbo ikipuliza ilikuwa inaipuliza sampu pia. Tulitia valvu imara ya njia moja, na kwenye kila kava ya valvu bomba nene la kupumulia linalokwenda kwenye kopo la kudakia oili. Marudio ya kipimo yalisimama sentimita 5 za maji chini ya presha kamili. Wingu likatoweka.

Duru ya pili ilikula saa 31. Sikumtoza. Mzee alisisitiza kulipa stenlesi, tukabishana mlangoni, tukaishia nusu kwa nusu.

Tundu langu la kwanza kwenye sampu sikulichomelea. Nililiziba kwa bolti na washa ya shaba, maana kuivua sampu ile garini ni kazi ya kutwa. Kila mara gari hili likija kubadilishwa oili mpwa wangu huingia chini yeye, akapiga bolti ile kwa spana, kngg, na kuuliza kwa sauti ya mtu asiyejua chochote: "Mjomba, hili la nani?"